Ng'ombe kakutwa hana ulimi, hana jicho, hana tone la damu: aliyemla ni mmoja, kilichomuua ni kingine

Kamba Ndefu (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum wanajamvi. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Nauandika kwa sababu kuna bibi mmoja kijijini kwetu, upande wa Micheweni, Pemba, aliitwa mchawi mbele ya wajukuu zake kwa ajili ya ng'ombe wa ami yangu. Nilikuwepo, nikanyamaza. Sijalala vizuri tangu siku ile.

Kisa chenyewe ni hiki. Ami alikuwa na mtamba mwekundu, mimba yake ya kwanza. Jioni alimfunga penye majani nyuma ya mashamba kama kawaida. Asubuhi kigingi kimeng'oka, mnyama hayupo. Tukatafuta siku nzima. Kesho yake baada ya alfajiri, watoto waliokwenda kuokota kuni wakarudi mbio: yuko kwenye maweni, keshakufa.

Nilikwenda na ami. Mtamba kalala ubavu wa kushoto, tumbo limevimba, miguu ya kulia iko juu juu. Jicho la upande wa juu halipo, limebaki shimo kavu. Ulimi umeondoka tokea kwenye shina. Mdomo umeondoka upande mmoja, mfupa wa taya unang'aa mweupe. Kiwele kimetolewa kwa duara, na tupu ya nyuma imechimbwa kama kwa tindo. Niliinama nikagusa ukingo wa ngozi pale kwenye kiwele. Laini. Ungesema kapitisha wembe fundi wa viatu. Chini, hakuna damu. Nyayo pia hakuna, ila pale ni jiwe tupu, na jiwe haliweki unyayo. Hilo nililiwaza baadaye sana.

Haikupita saa moja watu wamejaa. "Hii kazi ya wanga." "Huyu kapelekwa giningi, kwenye mkutano wa wachawi, nyama yake imeliwa usiku, hapa tumerejeshewa gamba tu." Kisha mmoja akakumbusha kwamba wiki ile ile bibi jirani aligombana na ami kwa sababu ng'ombe wetu waliingia kwenye muhogo wake, na bibi alisema, "Mtakuja kujuta." Hapo hapo hukumu ikapita. Vijana wakaenda mlangoni kwake.

Nitaeleza yote niliyoyajua tangu siku hiyo. Nikimaliza sehemu moja naweka nyingine.

Maweni

Endelea yakhe, tunasoma. Ila nikwambie mapema, mie nimeona mbuzi wa hivyo hivyo Kiuyu. Ulimi hakuna, macho hakuna. Mbwa hamli mnyama hivyo.

Kamba Ndefu

Mbwa hali hivyo, kweli. Subiri nifike huko.

Kwanza nilitaka kujua kama jambo hili ni letu peke yetu, maana sisi Wapemba tumesifiwa uchawi mpaka tumeanza kuamini kila kitu cha ajabu ni mali yetu. Kumbe Marekani wamehangaika nalo kuliko sisi. Mwezi Septemba 1967, kwenye Bonde la San Luis, jimbo la Colorado, alikutwa farasi jike aliyeitwa Lady, magazeti wakamwita Snippy. Kichwa na shingo vimebaki mifupa mitupu, meupe, na mwili wa nyuma mzima. Wenyewe wakasema ni chombo cha angani. Miaka ya sabini ikaja tufani: Colorado, Nebraska, Kansas, New Mexico, ng'ombe wanakutwa hawana ulimi, jicho, sikio, kiwele, sehemu za uzazi, na damu hakuna. Yaani ukisoma maelezo yao unaona ni mtamba wa ami. Mwaka 1975 seneta wa Colorado, Floyd Haskell, aliwaandikia FBI, wapelelezi wa serikali kuu, kuomba msaada, akitaja visa vipatavyo 130 katika jimbo lake pekee.

Na nadharia zilikuwa nyingi. Wako waliosema viumbe wa nje ya dunia wanachukua sampuli. Wako waliosema madhehebu ya kishetani, ndio "wanga" wao. Na wengi walisema serikali, kwa sababu wafugaji walikuwa wakiona helikopta zisizo na alama usiku. Hili la serikali msilicheke. Desemba 1967 serikali ya Marekani ililipua bomu la nyuklia chini ya ardhi karibu na Dulce, New Mexico, kilotani 29, ikitafuta njia ya kutoa gesi asilia. Na Dulce hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kuwa na visa vingi vya ng'ombe. Mfugaji aliyelipuliwa bomu chini ya malisho yake akifikiri kwamba wanampima mionzi ng'ombe wake kwa siri, mimi siwezi kumwita mjinga.

Mpemba wa Tandika

Sasa hapo umenigusa. Kama bomu lilipuliwa kweli, kwa nini tusiamini ni serikali? Wana helikopta, wana visu vya hospitali, wana sababu.

Kamba Ndefu

Ndugu yangu, nilikaa na wazo hilo muda mrefu. Lililonitoa ni uchunguzi wenyewe. Aprili 1979 seneta mwengine, Harrison Schmitt wa New Mexico, yule aliyetembea mwezini na Apollo 17, aliitisha mkutano mjini Albuquerque, wakaja wafugaji, polisi, madaktari wa mifugo. Kutokana na shinikizo hilo zikatolewa dola 44,170 na akapewa kazi mpelelezi mstaafu wa FBI, Kenneth Rommel. Mwaka 1980 alitoa ripoti ya kurasa 297. Alisema mizoga aliyoichunguza ililiwa na wanyama na wadudu wa kawaida.

Bila shaka wengi walimkataa, wakasema katumwa. Lakini mwaka 1979 hiyo hiyo, polisi wa kaunti ya Washington, jimbo la Arkansas, walifanya jambo ambalo mtu yeyote angeweza kulifanya. Walichukua ng'ombe aliyekufa, wakamweka uwanjani, wakakaa wakimwangalia kwa saa 48. Gesi ikavimbisha tumbo mpaka ngozi ikapasuka mpasuko kama wa kisu. Nzi na funza wakala sehemu laini. Mwisho wa siku mbili walikuwa na ng'ombe "aliyekatwakatwa," na hapana mtu aliyemgusa.

Nilipolisoma hili nikasema, na mie nitakaa.

Mama Mbuzi

Ulikaa na mzoga?! Subhanallah. Tueleze.

Kamba Ndefu

Miezi minne baada ya yale, jirani alikuwa na dume mzee, mgonjwa siku nyingi. Alikufa mchana kweupe, watu wanamwona. Hakuwahiwa kuchinjwa, kwa hiyo nyamafu, wakamburuta mpaka maweni. Nikaomba ruhusa nikae naye. Watu walinishangaa ila mwenyewe aliniruhusu.

Nzi walitangulia. Sijui walikuwa wapi. Hatujamaliza kufungua kamba nzi wa kijani wameshatua puani, pembeni mwa jicho, mdomoni, nyuma. Hawatui mgongoni. Wanatafuta panapo unyevu na ngozi nyembamba. Baada ya muda nikaona mayai, meupe, yamejipanga kwenye fizi kama punje za mchele uliopepetwa.

Kunguru wa kwanza alikuja kabla ya laasiri. Alisimama juu ya pembe, akageuza kichwa, akadonoa jicho mara moja, akaruka nyuma. Akarudi. Wakawa watatu. Mpaka jua linakuchwa jicho la juu limekwisha. La chini limekaa salama kwa sababu limelalia jiwe. Hapo nikamkumbuka mtamba wa ami: jicho moja tu, la juu. Wangekuwa wanga, kwa nini waache moja?

Usiku nilikaa mbali kidogo na kurunzi. Kwanza walikuja panya buku, wawili, wakubwa, wakaingia moja kwa moja nyuma. Sauti yake ni ya kutafuna kitambaa. Baadaye akapita ngawa, harufu yake ilimtangulia, akakaa kwenye mdomo muda mrefu. Tumbo lilikuwa linavimba saa kwa saa, na gesi ilikuwa inasukuma ulimi nje ya meno. Ulimi wenyewe unaletwa mezani, yakhe. Kila mnyama mdogo anaufikia bila kufungua taya.

Asubuhi nilikwenda na kurunzi bado mkononi. Mdomo umeondoka upande mmoja. Nyuma pamechimbwa duara. Damu hamna. Nikagusa ukingo wa ngozi: ulikuwa na vijino vidogo vidogo bado, mbichi. Nikarudi siku ya pili mchana, baada ya jua kali. Ngozi imekauka, imejikunja kwa ndani, vile vijino vimepotea. Laini kama ya mtamba.

Nililia pale, na siogopi kusema.

Maweni

Na damu je? Hilo hujalijibu. Ng'ombe ana ndoo za damu. Ukimkata popote lazima itoke.

Kamba Ndefu

Swali zuri na ndilo linalowatisha wengi. Sote tumeona ng'ombe anachinjwa, damu inaruka. Inaruka kwa sababu moyo unapiga. Moyo ukisimama hakuna kinachoisukuma. Damu huteremka upande uliolaliwa, kisha huganda ndani. Kunguru akija baada ya saa mbili anakula upande wa juu, ambao damu imeshauhama. Hata umkate mwenyewe kwa kisu hutopata kitu. Upande wa chini damu yote imo, ila nani anampindua?

Na hapa nina neno kuhusu sisi. Mnyama aliyekufa bila kuchinjwa ni nyamafu, hatumli, kwa hiyo hatumchuni wala hatumpasui. Tunamburuta mbali, tunageuza uso. Ni sahihi kidini na ni usafi. Lakini ndiyo maana mzee aliyefuga miaka hamsini anaweza asijue mzoga unafananaje siku ya pili. Sisemi hawajui ng'ombe. Wanamjua akiwa hai, na wanamjua akichinjwa. Wafugaji wa Colorado nao walisema hivyo hivyo: "Tumeona mizoga maisha yetu yote, hii si ya kawaida." Waliiona, ila hawakuinama kuiangalia mpaka gazeti lilipowaambia kuna jambo.

Mpemba wa Tandika

Kwa hiyo visa vyote duniani ni kunguru na panya?

Kamba Ndefu

Sisemi vyote. Mwaka 2019, jimbo la Oregon, shamba la Silvies Valley lilipoteza mafahali watano, ndimi na sehemu za uzazi zimeondoka. Wakatangaza zawadi ya dola 25,000 kwa atakayeleta habari. Kuwa mizoga ile ililiwa na nani ni swali moja; mafahali watano wazima wa bei kubwa walikufa kwa nini ni swali jengine, na hilo ndilo zito.

Argentina ndio walinifurahisha. Mwaka 2002 walipata mamia ya mizoga ya aina hii, watu wakasema chupacabra, lile jinamizi la kunyonya damu lililoanzia Puerto Rico mwaka 1995. Mamlaka yao ya afya ya mifugo, SENASA, ikaenda na wanasayansi wa chuo kikuu, wakamkuta mlaji mkubwa ni panya mdogo mwekundu mwenye pua ndefu, pamoja na mbweha. Buku wetu ana ndugu huko.

Mama Mbuzi

1995 umeitaja wewe, mie nimeiishi. Mwaka ule ule wa chupacabra kwao, kwetu Pemba ilikuwa popobawa, lile jini la kuvamia watu usiku. Nilikuwa mdogo. Tulikuwa tunalala nje, familia tatu nne pamoja, moto umewashwa, wanaume wamekesha. Ukisikia bati linalia, roho inatoka. Lilipovuka Unguja, mtu mmoja masikini, mgonjwa wa akili, aliuawa na watu mjini kwa kudhaniwa ndiye. Mpaka leo nikiona wale popo wakubwa wa Kidike naona huruma, wanakula maembe yao tu, jina lao likachukuliwa kwa mambo mengine. Kwa hiyo ndugu yangu Kamba Ndefu, bibi yule walimfanya nini?

Kusini Unguja

Nichomeke kidogo. Kwetu ilikuwa chui. Mbuzi akiliwa, haikusemwa "chui kala mbuzi," ilisemwa "chui wa fulani kala mbuzi," maana iliaminika wako watu wanaofuga chui na kuwatuma. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikapita kampeni ya Kitanzi, wachawi na chui wakasakwa kwa pamoja. Chui wa Unguja hakuna awezaye kukuonesha leo kwa uhakika, ingawa mwaka 2018 kamera ilinasa mnyama aliyesemwa kuwa ndiye. Wazee waliotajwa kuwa wafugaji, wengine walikufa na jina hilo. Mnyama kapotea, na watu wamevunjiwa heshima.

Kamba Ndefu

Ahsante kwa hilo. Huko ndiko ninakokwenda.

Vijana walipofika mlangoni kwa bibi walipiga teke ndoo yake ya maji, wakamwita majina. Mjukuu mmoja, wa miaka sita hivi, alikuwa kashika kanga yake. Ami alisimama nyuma ya vijana, hakusema "mpigeni," na hakusema "rudini." Sheha ndiye aliyewatawanya. Bibi hakuguswa mwilini, alhamdulillahi.

Bwana mifugo alikuja adhuhuri. Alianza kwa kuangalia pua na nyuma kama kuna damu nyeusi isiyoganda. Nilimuuliza kwa nini, akanieleza kitu ambacho nataka kila mfugaji akishike: mzoga usio na damu ni wa kawaida, wa kuogopwa ni ule unaotoka damu. Mnyama aliyekufa ghafla, damu inavuja puani, mdomoni au nyuma na haigandi, huenda ni kimeta. Huyo usimpasue, usimchune, usimburute kwenye malisho. Vijidudu vya kimeta vikipata hewa hujifunga kama mbegu, vikakaa ardhini miaka na miaka, na vinaua watu. Muite mtaalamu, azikwe shimo refu au achomwe. Sasa fikirini: tunaukimbia mzoga mkavu tukimtafuta mchawi, na wapo watu ambao mzoga wenye damu wangeuchuna ngozi.

Wa ami haukuwa na dalili hizo. Bwana mifugo akavaa glovu akafungua tumbo la kwanza. Harufu sitoielezea. Ndani, juu kabisa ya majani mengine, kulikuwa na majani mabichi yasiyotafunwa vizuri, yamegawika kama vidole vya mkono. Mtoto yeyote wa Pemba anayajua. Tukaenda kwenye shamba la bibi, hatua kama mia mbili. Miti saba ya muhogo mchungu imevunjwa, machipukizi yameliwa mpaka kwenye gogo. Kwenye udongo ule laini nyayo zilikuwepo, na mburuto wa kamba yenye kigingi mwisho wake.

Muhogo mchungu una sumu ya sayanaidi iliyolala. Jani likitafunwa inaamka. Machipukizi machanga ndiyo makali zaidi, na tumbo la mnyama anayecheua huiachia kwa haraka. Mwili unakuwa na hewa kwenye damu na hauwezi kuitumia. Mnyama mwenye njaa akila ya kutosha anaweza kufa muda mfupi tu, si mbali na alipokula. Hivyo ndivyo alivyokufa mtamba. Na "mtakuja kujuta" ya bibi, nilimuuliza baadaye kwa adabu. Alisema, "Mwanangu, niliwaambia muhogo ule mchungu, wataufia."

Lady wa Colorado pia, nilikuja kusoma, mtaalamu wa mifugo aliyemwangalia alikuta mguu wa nyuma umeoza kwa maradhi, kiasi cha kumlaza chini. Dunia nzima imeangalia kichwa chake, mguu ulipita kimya.

Maweni

Yakhe, sina la kusema. Yule mbuzi wa Kiuyu aliyekutwa hana ulimi, wiki ile ile walikufa wengine watatu zizini. Hatukuuliza walikufa kwa nini. Tulimwita mganga, akala kuku wawili.

Kamba Ndefu

Ndilo linaloniuma. Hao watatu huenda mmoja wao angepona. Unguja mbung'o waliua ng'ombe miaka mingi, mpaka wataalamu walipoachia madume waliofanywa tasa kwa mionzi, na 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o tena. Walimtafuta muuaji, wakamkuta ni mdudu wa kutua mkononi.

Mkikuta mzoga wa namna hii, naombeni: pigeni picha kabla hamjagusa, angalieni amelalia upande gani, fuateni kamba na nyayo mpaka alikotoka, angalieni kala nini, na mwiteni bwana mifugo siku hiyo hiyo. Siku ya tatu hata yeye hawezi kusoma kitu. Jina la mtu lisitajwe pale. Hata kwa utani lisitajwe, kwa sababu watoto wanasikia na wanalipeleka skuli.

Mama Mbuzi

Na bibi yuko wapi sasa?

Kamba Ndefu

Kahamia kwa binti yake, Chake. Muhogo umebaki, hakuna anayeupalilia, na ami kauzungushia uzio kwa pesa yake. Kaenda mara mbili kumwomba radhi. Mara ya kwanza hakufunguliwa. Mara ya pili alikaribishwa barazani, akatiliwa chai, na bibi akakaa anapepeta mchele wake mpaka ami alipoaga.